Fundo Kwanza, Shamba Baadaye: Nilivyoiandaa Mashine ya Kufunga Nyasi Kiryandongo

Hapa Kiryandongo, Uganda, kuanzia Desemba hadi Februari malisho hukauka yakabaki vijiti, na ng'ombe wa maziwa hajui kiangazi: anataka kula. Ndiyo sababu nilinunua mashine mbili zilizokwisha kutumika, moja ya kukata nyasi na nyingine ya kufunga marobota madogo. Nilitaka nizijue vizuri kabla nyasi zangu za Rhodes hazijaanza kutoa maua, kwa maana zikishachanua hazimsubiri fundi. Kila siku inayopita shina hukomaa, na ubora wa chakula hushuka.

Ya kukata haikusumbua sana. Ni ya ngoma mbili, na visu vyake huning'inia chini ya ngoma. Nilibadilisha visu vyote kwa pamoja ili isitetemeke, nikakaza mikanda, nikaiweka iache mashina ya sentimita 8 hadi 10. Ukikata chini zaidi, Rhodes huchelewa kuchipua na udongo huingia kwenye chakula. Kazi kubwa ilikuwa ya miguu. Mimi na vijana tulipita shamba zima tukitafuta vichuguu vilivyofichwa na nyasi, tukachomeka mti mrefu kwenye kila kimoja. Kisu kikigonga kichuguu kikavu, kipande cha chuma au jiwe huruka mbali, hivyo hakuna aliyeruhusiwa kusogea karibu trekta likiwa kazini.

Muda wangu uliliwa na mashine ya kufunga. Ndani yake pistoni hushindilia nyasi, sindano hupandisha kamba, na juu kuna mdomo mdogo wa chuma unaozunguka mara moja na kuacha fundo. Kila kitu hutokea kufumba na kufumbua. Ukiitazama ikienda kasi huoni lolote. Fundi niliyemwita kutoka Bweyale alisema, "Mzee, hii tusiipeleke shambani mpaka tuione ikifunga polepole."

Tukazima trekta na kuchomoa shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine. Tukapitisha kamba ya katani, tukaachia mkono unaopima urefu wa robota ili mashine ianze kufunga, kisha tukazungusha gurudumu zito la mbele kwa mikono, upande uleule linaozungukia likiwa kazini. Kwanza tulitazama sindano: zikipanda kabla au baada ya wakati wake, pistoni huzivunja. Zilipita salama.

Fundo ndilo lililogoma. Kijana mmoja alivuta kamba kama robota linavyovuta, na kila mara tulipata fundo kwenye ncha moja tu. Ncha ya pili ilichomoka. Maana yake ni kwamba diski inayoshika kamba imelegea. Tulikaza springi yake robo mzunguko, tukajaribu, tukaongeza kidogo. Ukikaza kupita kiasi, diski hiyohiyo huitafuna kamba na ncha hutoka zimechakaa. Basi nikawa naokota kila fundo na kulitazama kwa makini, kwa sababu fundo lenyewe hukueleza pa kugusa. Fundo likiganda mdomoni bila kutoka, angalia kama mkono unaolisukuma unagusa mdomo sawasawa.

Jambo jingine ninalolisisitiza ni bolti ya kukatika iliyo kwenye gurudumu zito. Imetengenezwa ikatike ili sindano na gia zipone. Anayeweka bolti ngumu zaidi ili asisumbuliwe anaiua mashine.

Shambani tulikata umande ukiisha, tukageuza nyasi hadi zikakauka. Kupima, nilitia konzi ya nyasi zilizokatwakatwa kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, nikaitikisa: chumvi ikigandamana, nyasi bado zina maji. Nyasi mbichi ndani ya robota huota ukungu, na huweza kupata moto hadi kuunguza banda. Dereva alipandisha mwendo taratibu hadi shafti ikafika mizunguko 540 kwa dakika ndipo akaingia kwenye mstari wa nyasi.

Marobota ya mchana yalitoka mepesi, kwa kuwa nyasi kavu huteleza. Tukakaza skrubu za kubana robota. Jioni hewa ilipopoa yakawa mazito, tukazilegeza. Kabla ya kufunga kazi tulizima trekta na kutoa nyasi zote zilizobaki ndani. Zikilala humo hunyonya unyevu na kuvimba, na asubuhi bolti hukatika kabla robota la kwanza halijatoka.