Siku ya mwisho Lisbon, na dhahabu ya Kilwa

Ndege yetu ilikuwa ya usiku, kwa hiyo siku ya mwisho tulikuwa nayo karibu yote. Mume wangu alitaka Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto: mnara, monasteri, na zile keki zinazosifiwa kila mahali. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, nacho kimo ndani ya Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya sanaa za kale yaliyoko mtaa wa Janelas Verdes, juu kidogo ya bandari. Tukakubaliana tuanze na changu. Ni njia moja ya kwenda Belém, na yeye alijua kwamba nisingetulia mpaka nikione.

Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje. Kilwa Kisiwani nimevuka mara nyingi kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Gereza, ile ngome ya zamani, unaliona toka baharini kabla hujakanyaga nchi kavu, kisha unafika Msikiti Mkuu na makuba yake, kisha unatembea mpaka Husuni Kubwa, kasri la kale lililo ukingoni mwa mwamba. Tangu tukiwa wadogo tunaambiwa kuwa hapa palikuwa na mji tajiri, kwamba msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifia uzuri wake, kwamba dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwa masultani wetu. Kwamba sehemu ya dhahabu hiyo ipo hadi leo, imesimama ndani ya kioo Ulaya, hilo nilikuja kulijua ukubwani, na tangu siku hiyo nilikuwa na hamu ya kwenda kuiona kwa macho yangu.

Tulikabidhi chumba asubuhi. Mama mwenye nyumba, kule Graça, alituruhusu tuache masanduku ukumbini mpaka jioni. Tukateremka kwa miguu, maana tramu namba 28 ilikuwa imeshajaa watalii hadi mlangoni, na vijiwe vyeupe vya njia za Lisbon vinateleza hata pasipo mvua. Pale Praça da Figueira tukapanda tramu namba 15, tukashuka upande wa bandari na kupanda ngazi hadi makumbusho.

Ndani kuna michoro ambayo watu husafiri mbali kuja kuitazama, na wanafanya vyema. Mimi niliipita.

Chombo chenyewe huitwa Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huonyeshea Ekaristi, yaani mkate mtakatifu, na kimo chake ni kama mkono wa mtu mzima. Nilitarajia kitu kikubwa, kizito, cha kutisha. Kumbe ni kazi ya mkono laini ajabu. Katikati pana kioo cha mviringo, na kukizunguka wamepiga magoti Mitume 12, kila mmoja na sura yake, nguo zao zimetiwa enameli ya rangi. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Juu zaidi nguzo nyembamba zinapanda na kupanda mithili ya minara ya kanisa. Chini, kwenye kitako, kuna maua, ndege na konokono wadogo wa rangi ambao nadhani wengi hawawaoni kwa sababu macho hukimbilia juu.

Mimi nilichuchumaa. Nilikuwa natafuta maandishi. Yamezunguka ukingo wa kitako kwa herufi za zamani, kwa Kireno, yakisema kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno aliagiza kitu hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Jina lenyewe limeandikwa QVILVA. Nilizunguka kioo polepole, herufi baada ya herufi, mpaka nikalifikia. Mume wangu akachuchumaa pembeni yangu.

"Ndiyo kwenu hapo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo kwetu."

Hakusema kitu zaidi. Alinishika bega, tukakaa hivyo hivyo mpaka watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kusogea.

Hiyo kodi haikutolewa kwa hiari. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, baharia Mreno Vasco da Gama alitia nanga Kilwa akiwa na msafara mkubwa wa merikebu zenye mizinga. Alimtaka mtawala, Amir Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka, la sivyo mji utateketezwa. Amir akakubali. Dhahabu ikafika Lisbon mwaka 1503, na fundi Gil Vicente akapewa kazi ya kuifua. Miaka mitatu tu baada ya vile vitisho, Julai 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alifika na kundi jingine la merikebu. Safari hii mji ulivamiwa na kuporwa, na Wareno wakajenga ngome. Mwaka 1512 waliondoka, lakini biashara ilikuwa imeshavunjika mgongo. Kwa hiyo Mitume wale walipokuwa wanatiwa rangi, Kilwa yenyewe ilikuwa imekwisha kuporwa. Nilisimama pale na mambo hayo mawili moyoni kwa pamoja: kazi ni nzuri kupita kiasi, na malipo yake walilipa watu wa kwetu.

Na si Kilwa peke yake. Dhahabu ilichimbwa bara, katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, ikasafiri kwa majahazi kwenda kaskazini. Kuna wachimbaji, wapagazi na mabaharia ndani ya chombo kile, na maandishi ya kitakoni yamemtaja mfalme peke yake. Naamini kabisa kwamba picha kubwa ya Custódia inapaswa kuwekwa pale Kisiwani, karibu na Msikiti Mkuu, ili mtoto wa shule anayeletwa kutazama magofu aone pia kile kilichotoka humo. Suala la nani akimiliki ni zito na lina wenyewe wa kulijadili. Lakini kujua ni haki yetu tayari, wala haihitaji kuombewa ruhusa.

Nilipiga picha, ile ya herufi za QVILVA zaidi ya zote, nikamtumia mjomba wangu Kivinje.

Kabla ya kutoka, mume wangu aliniita kwenye viwambo vya Kijapani, vile vya kukunjwa, vinavyoonyesha Wareno wakifika Nagasaki. Merikebu kubwa nyeusi imetia nanga. Wafanyabiashara wamevaa suruali pana za kuchekesha watu wa Japani. Na juu ya milingoti, kwenye kamba, wapo watu weusi wanaparamia kwa wepesi. "Hawa walitoka pwani gani?" aliuliza. Huenda Msumbiji, huenda kwingine. Wamechorwa wakiwa kazini, na waliwafikisha hao matajiri mwisho wa dunia.

Tulikunywa chai kwenye bustani ya makumbusho, inayotazama mto Tejo na makontena ya bandari, kisha tukaendelea na ratiba yake.

Belém palikuwa na jua kali na foleni ndefu. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwaka 1501 kwa amri ya Manuel yule yule, na sehemu ya gharama zake ilitokana na kodi ya biashara ya viungo kutoka ng'ambo. Custódia ilitengenezwa iwekwe hapa. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, amelala Vasco da Gama wa jiwe, viganja vimekutana kifuani, na ubavuni mwa kaburi imechongwa merikebu. Watu walikuwa wanapanga mstari kupiga naye picha. Nilimtazama, nikasoma jina lake, nikatoka nje. Sikuwa na la kumwambia.

Kwenye keki nilifurahi kweli. Duka lile limekuwa likizioka tangu mwaka 1837, na kuta zake zimepambwa vigae vya buluu na nyeupe. Keki inaletwa ya moto, maganda yake yanavunjika kwa mlio, ndani kastadi laini iliyoungua juu kidogo. Unajinyunyizia mdalasini mwenyewe. Mume wangu, ambaye nyumbani hagusi kitu kitamu, aliagiza tena. Tulikaa pale muda mrefu, tukapanga mambo ya watoto, ada na paa la nyumba, kama wafanyavyo watu ambao likizo imewaishia lakini hawajataka kuinuka.

Jioni tulirudi Graça kuchukua masanduku, tukapanda treni ya chini ya ardhi hadi uwanja wa ndege. Tulipokwisha kukaguliwa nikawasha simu na kukuta ujumbe wa sauti kutoka kwa mjomba. Yeye huvusha wageni kwenda Kisiwani kwa mashua yake, na kwa miaka amekuwa akiwaeleza habari za dhahabu kwa mdomo tu, wengine wakimsikiliza, wengine wakitazama simu zao.

"Mwanangu," alisema, "picha nimeiona, jina letu nimelisoma. Sasa nitumie nyingine iliyo kubwa, ile ya maandishi. Nitaichapisha pale Masoko, niitie plastiki isilowe. Tukifika mlangoni mwa Gereza nawaonyesha kwanza, ndipo tuingie."

Nikamtumia zote, kabla hatujaitwa kupanda.