Nafasi ya mafunzo niliipata kwa karatasi moja ya hesabu

Ukisomea biashara Mombasa na unatafuta ofisi ya kufanyia mafunzo ya kazi, ushauri utakaopewa na kila mtu ni ule ule: chapisha barua, tembea Moi Avenue hadi Nkrumah Road, acha nakala kila ofisi. Ushauri huo huniudhi. Barua iliyoachiwa bawabu hufungiwa mahamri. Mimi ofisi ya uhasibu ilinichukua kwa sababu ya mapatanisho ya hesabu, yaani kulinganisha kumbukumbu mbili za pesa hadi kila tofauti ijulikane, mada ambayo darasani hupitwa mbio.

Nilitumia mauzo ya mwezi mmoja ya duka la leso la Biashara Street, kwa ruhusa ya mwenyewe. Huku daftari la kaunta, huku taarifa ya M-Pesa ya duka, na taarifa ya benki.

Wengi hukimbilia kulinganisha kwa kiasi cha pesa. Kwa leso haifai kabisa. Jozi za toleo moja huuzwa bei moja, basi asubuhi moja utakuta mia nane, mia nane, mia nane. Daftari lina sita, taarifa ina tano. Ni nani hakulipa? VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta, haitakwambia. Itashika mia nane ya kwanza inayoiona, iwape wote sita, na karatasi yako itaonekana safi kumbe pesa ya jozi nzima haipo.

Linganisha kwa nambari ya muamala wa M-Pesa, ile ya herufi na tarakimu kumi. Nayo ina mitego yake. Muuzaji akiinakili kwa mkono, O hugeuka 0 na I hugeuka 1. Ikinakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu, huja na nafasi tupu mwishoni. Fomula ya TRIM huiondoa, isipokuwa ile ya CHAR(160), nafasi ya aina nyingine isiyotofautika kwa macho, ambayo lazima uifute kwa SUBSTITUTE. Na usisahau kuandika ile sifuri ya mwisho kwenye VLOOKUP, inayodai ilingane sawasawa, la sivyo Excel itakuletea nambari ya jirani badala ya kusema haikuiona.

Sasa kitamu chenyewe: herufi tatu za mwanzo ni tarehe. Ya kwanza ni mwaka. S ni 2024, T ni 2025. Ya pili ni mwezi, A Januari hadi L Desemba. Ya tatu ni siku: 1 mpaka 9, kisha A ni tarehe 10, B ni 11, hivyo hivyo hadi V, ambayo ni 31. Nambari inayoanza na TCK ni ya 20 Machi 2025, hata daftari likisema 21. Kwa njia hii utayanasa mauzo ya jioni yaliyoandikwa kesho yake asubuhi. Katikati ya mwezi hayana neno, lakini yale ya tarehe 31 yakiandikwa tarehe 1, miezi miwili yote imeharibika. Mhasibu aliponiona nazisoma tarehe bila kufungua taarifa, mahojiano yaliishia hapo.

Upande wa benki ni mwepesi zaidi. Pesa huingia kwa jumla, si mauzo mojamoja, basi linganisha uhamisho na uhamisho, ukitenga ada. Muamala uliorudishwa kwa mteja una mstari wake. Usiuhesabu kama matumizi. Kila tofauti iandikie sababu, yote yaenee ukurasa mmoja.

Wakati wa kwenda nao una maana. PAYE, kodi ya mishahara, hulipwa kabla ya tarehe 9 kupita, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kabla ya tarehe 20 kupita. Ukibisha hodi tarehe 18 utaambiwa uje siku nyingine, na si kwa ubaya. Nenda baina ya 21 na 27, umuulizie mhasibu, na si meneja. Barua ya chuo na karatasi ya bima uwe nazo mkononi.

Anayetaka upande wa bandari, ofisi za mawakala wa forodha, aache leso apeleke hesabu ya ushuru. Hapo ndipo wanafunzi wengi huanguka: VAT haikokotolewi juu ya CIF peke yake, yaani bei ya mzigo pamoja na bima na nauli yake. Mzigo wenye CIF ya shilingi 100,000 na ushuru wa 25% unalipa ushuru 25,000, kisha VAT ya 16% juu ya 125,000, yaani 20,000. Ukiandika 16,000 umemwingiza mteja hasara ya kukadiria vibaya, na wakala atajua papo hapo hujawahi kuigusa hesabu halisi. Tozo nyingine za kuingiza mizigo zionyeshe kando, kila moja na mstari wake.

CPA, sifa ya kitaaluma ya uhasibu, usiingoje hadi mahafali. Mitihani ya KASNEB, bodi inayoitoa, hufanywa Aprili, Agosti na Desemba. Somo la uhasibu wa fedha lifanyie mtihani mara tu umalizapo lile la chuoni, kabla halijapoa. Kuna msamaha wa baadhi ya masomo kwa wenye shahada, lakini nao unalipiwa.