Denari ya Faustina kwenye hewa ya chumvi

Faustina Mkubwa alipofariki mwaka 140 hivi, mumewe, Kaizari Antoninus Pius wa Roma, alitoa denari nyingi (sarafu za fedha za Kirumi) zenye sura yake na maandishi DIVA FAVSTINA, yaani "Faustina wa kimungu". Halisi ina gramu 3 na kitu, upana milimita 17 au 18. Tazama misuko ya nywele zake iliyoviringwa utosini, kazi nzuri ajabu. Ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na misuko iliyofifia, na ukingoni mara nyingi hubaki mstari wa mshono.

Hapa Mtwara, chumvi ya bahari huila shaba iliyochanganywa na fedha, ikatoa kutu ya kijani. Usiisugue kwa ndimu wala majivu! Itie kwenye kopo linalobana, pamoja na vipakiti vya silika, vile vya kufyonza unyevu, vya kwenye boksi la viatu. Mifuko laini ya plastiki ya PVC iepukwe: hutoa asidi.