Chumba kisicho na kibao mlangoni

Yaya, ndugu yangu mkubwa, amerudi kutoka mkutanoni, amekula bukari na mboga, amelala mapema. Nimeona niandike namna tulivyokipata kikundi hiki cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, maana kukipata kulitusumbua kuliko hata kumshawishi yeye aende.

Hapa Lubumbashi pombe haitafutwi. Ukitoka kwetu Katuba unakutana na bia za Simba na Tembo kila kona, na asiye na pesa ya chupa ana lutuku, ile ya mahindi na muhogo inayopikwa uani na kuuzwa kwa glasi. Lakini uliza anayetaka kuacha aende wapi, utaambiwa kila kitu isipokuwa mahali. Shangazi alisema yaya amerogwa. Pasta alituombea kwa moyo wake wote, na namshukuru hadi leo, ila maombi yalipokwisha yaya alirudi nyumbani na kiu yake ileile. Jirani akashauri tumfungie chumbani wiki nzima bila tone, atazoea.

Ushauri huo niliufikisha kwa mama mmoja, muuguzi wa kituo cha afya. Alinikatiza palepale: "Mtoto wangu, usithubutu." Akanieleza kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza kupatwa na degedege ndani ya siku mbili za kwanza, halafu mtu anatetemeka, anachanganyikiwa, anaona visivyokuwepo, na wapo wanaokufa kwa hilo. Mtu wa namna hiyo aanzie kwa daktari, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1, awe chini ya uangalizi. Ndivyo tulivyofanya. Hata kwa dawa, kuna usiku yaya alikaa kitandani akiokota wadudu kwenye shuka nyeupe, mmoja mmoja, akinikabidhi mkononi. Nilipokea. Sikujua la kufanya zaidi ya kupokea.

Muuguzi huyohuyo ndiye aliyesema: "Kuna watu wanakutana. Ngoja nimwulize mmoja wao kama naweza kukupa namba yake." Jioni papa mmoja, yaani baba mmoja wa kikundi hicho, akapiga simu. Hakuniuliza yaya anakunywa kiasi gani. Aliomba kuongea naye mwenyewe. Mimi nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, papa." Kimya kirefu. "Hata nyinyi, papa? Asubuhi, kabla ya chai?" Sisi ndugu zake hatukuwahi kulijua hilo la asubuhi, na yeye hakuwahi kumwambia mtu.

Baadaye nilisoma jambo hili lilianzaje. Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York, alikuwa hotelini Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka imeharibika, na baa ya hoteli iko hatua chache tu. Alikwenda kwenye simu badala yake, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa ya mji ule akiwauliza kama wanamjua mlevi yeyote. Alitaka mlevi mwenziwe wa kuongea naye, kwa kuwa alikuwa ameona kwamba mazungumzo ya aina hiyo humzuia yeye mwenyewe asinywe. Akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa dakika 15. Waliongea kwa saa nyingi. Siku daktari huyo alipokunywa kwa mara ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcooliques Anonymes, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha bila kutangaza majina yao. Nilipoisoma habari hiyo nilimwelewa papa wetu wa simu. Alikuwa anamhitaji yaya pia.

Kikundi kinakutana katika chumba cha parokia. Hakuna ada, kikapu kinapita na anayeweza anatia kitu. Sharti la kujiunga ni moja, hamu ya kuacha kunywa. Siku ya mkutano ulio wazi kwa ndugu niliruhusiwa kuingia. Mama mmoja alikuwa ameleta munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachogeuka pombe kikikaa, na mzee akamuuliza kwa upole ulipikwa lini. Ulikuwa wa siku kadhaa, umeshachacha. Ukarudishwa kwenye kapu, tukanywa chai.

Mlangoni hakuna kibao. Siku ya kwanza tulizunguka uwanja wa parokia tukiogopa kuuliza, nami nilikasirika. Sasa naelewa: katika cité yetu mwalimu au dereva akionekana akiingia hapo, kesho mtaa mzima unajua. Bado nasema usiri unaomlinda aliye ndani unamnyima aliye nje. Kibao wasiweke, sawa. Ila kila muuguzi, kila padri, kila katekista wa mji huu angekuwa na namba ya mtu mmoja aliyekubali kupigiwa, tusingetangatanga vile.

Na sisi ndugu? Lois, mke wa Bill, alishiriki kuanzisha Al-Anon mwaka 1951 kwa ajili ya familia za walevi, maana nao wanaumwa kwa namna yao. Nimeongea na mama wawili niliokutana nao kwenye ule mkutano ulio wazi, mmoja ana mume, mwingine ana mtoto wa kiume. Padri amekubali kutupa chumba Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya. Namba yangu nimemwachia muuguzi.