Stata iliyohukumiwa bila kusikilizwa: siku moja maishani mwangu, fundi umeme wa magari

Saa 1:15 asubuhi. Nafika kazini, Kimara, Dar es Salaam. Ukiita gereji bubu sikukatalii: turubai moja, mwarobaini mmoja, benchi lenye jiliwa, na kibao cha UMEME WA MAGARI nilichoandika mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya bampa. Sijafungua hata sanduku la vifaa, inaingia Hiace ikisukumwa na vijana wanne. Nyuma yao anakuja mwenye gari, mama mtu mzima anayechukua ndizi Mabibo, pale soko la Mahakama ya Ndizi, na kuzisambaza hadi Mbezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Hili gari litanitoa roho."

Kisa chenyewe: injini ya zamani, ya aina ya 3L, ilikufa mwezi uliopita. Fundi mwingine akamfungia 5L ya mtumba kutoka Japani. Kwa Hiace hilo si ajabu, injini hizo ni ndugu. Ila tangu siku ya kwanza gari linawaka kwa kusukumwa tu. Fundi akasema stata, ile mota inayozungusha injini iwake, imekufa. Mama akanunua nyingine, ya mtumba pia, laki na ishirini. Ikagoma vilevile. Fundi akasema na hiyo imekufa.

Stata mbili ndani ya wiki moja. Zinaambukizana?

Saa 2. Sigusi spana. Namwambia dereva awashe taa kubwa kisha apige swichi. Chini ya kiti nasikia tik-tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kucha kwenye sufuria. Macho yangu yako kwenye taa: hazitikisiki. Hapo ndipo wengi wanapopitiliza. Betri ikichoka, mlio ni huohuo, lakini taa zinafifia pamoja nao. Taa zikibaki nyeupe huku stata inalialia, betri ina nguvu, ila kuna mahali umeme umezuiwa njiani.

Mita inasema hivyohivyo. Betri ikiwa imetulia, volti 12.5. Swichi ikipigwa, 12.1. Dizeli hii inabana hewa kwa uwiano wa 22 kwa 1. Stata ikiizungusha kweli inavuta amp mia kadhaa, na betri ingeshuka hadi 10 au 11 hivi.

"Betri haijaombwa kitu," namwambia dogo ninayemfundisha kazi. Anaandika kiganjani.

Dereva naye anachomekea: "Fundi, ukimaliza niangalizie na pedeli ya mafuta. Tangu injini ibadilishwe imekuwa nzito, kama nimewekewa tofali."

Nikainua kichwa. Laiti angesema hilo tangu getini.

Saa 3. Kiti kimeinuliwa, injini iko mbele yangu, imepuliziwa rangi ya silva iking'aa kama sufuria jipya. Ncha moja ya mita naiweka kwenye bloku ya injini, nyingine kwenye hasi ya betri. "Piga!" Volti 7 na ushee. Hapo inatakiwa isizidi hata nusu volti.

Umeme una kwenda na kurudi. Unatoka chanya, unaingia stata, unapita kwenye chuma cha injini, halafu unarudi kwenye hasi kupitia mkanda wa athi. Injini imekalia mauntingi za mpira, na mpira haupitishi umeme. Bila mkanda ule, injini imekaa kisiwani. Napapasa ubavuni mwa gia boksi: tundu la bolti lipo, mkanda haupo. Bila shaka uliondoka na 3L kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ni shaba ile, nani aiache?

Basi umeme ukajitafutia kichochoro. Nashika kebo ya mafuta inayotoka kwenye pedeli kwenda kwenye pampu, naiachia hapohapo, inaunguza. Kiwaya kile chembamba ndicho kilichokuwa kinabebeshwa mzigo wa stata kila swichi inapopigwa. Plastiki yake ya ndani imeyeyuka ikakigandia. Tofali la dereva ndilo hilo.

Saa 4. Naunga waya wa kubusti kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye bloku. "Piga." Tak! Mlio mmoja mzito, haizunguki. "Tena." Inazunguka, injini inanguruma, vijana wanapiga makofi. Nazima. "Tena." Tak. "Tena." Tak.

"Si imeshawaka?" mama anauliza.

"Imewaka mama, ila haijapona."

Sasa njia ya kurudi ni safi, volti 0.2 tu. Nahamia kwenye stata yenyewe. Swichi ikiwa imeshikiliwa, kiwaya kidogo kinachotoka kwenye swichi, kile cha namba 50, kina volti 11. Nguzo ya namba 30, inapoingia kebo ya betri, ina 12. Nguzo inayopeleka umeme kwenye mota: sifuri. Otomatiki, ile swichi ya sumaku ya stata, inavuta vizuri, shaba za ndani hazishikani.

Saa 6 mchana. Stata iko kwenye jiliwa. Bolti tatu, kifuniko kinatoka na vumbi jeusi. Ndani kuna vipande viwili vya shaba. Cha upande wa mota bado kina mwili. Cha upande wa betri kimeliwa mpaka kimekuwa kama ukucha uliokatwa vibaya, na pembeni kuna vitone vya shaba iliyoyeyuka.

"Mama, ile stata yako ya kwanza iko wapi?"

"Iko kwenye gunia, jioni nampa mtu wa chuma chakavu."

Naibana, naipa umeme. Inarusha meno mbele na kuvuma vizuri kabisa. Mara tano, mara tano zote. Mama anaitazama, anatoa risiti ya ile nyingine kwenye kanga, anaisoma chini kabisa: mali ikishauzwa hairudishwi. Anaikunja tena.

Wali maharage. Halafu honi ya bajaji, fyuzi tu, dakika kumi.

Saa 9. Natengeneza mkanda kwa kebo nene ya kuchomelea, vichwa vya shaba pande zote mbili. Kazi kubwa ni kukwangua ile silva mpaka chuma kionekane, na kwenye bodi hivyohivyo. Ukikaza bolti juu ya rangi umefunga pambo.

Saa 11 jioni. Stata ya zamani imerudi kwake. Plagi za moto, swichi, injini inashika mara moja. Betri ilishuka hadi 10.6, imefanya kazi. Namkumbusha mama kwamba kadi ya gari bado ina namba ya injini ya zamani, apeleke TRA. Anaitikia kwa kuguna.

Dereva anaondoka taratibu, pedeli bado nzito. Kebo mpya ataifuata kesho kwenye maduka ya spea, mtaa wa Gerezani. Mama ameniachia chane mbili na ile stata ya laki na ishirini. "Itie shaba, ukipata mteja tugawane."

Dogo ameshaanza kuifungua.