Ung'eng'e wa kazini huku Kilwa

Msimu wa wageni ukikaribia vijana wa hapa Masoko, na wengine kutoka Mtwara, wananiuliza swali lile lile, kaka nianzie wapi na ung'eng'e, yaani Kiingereza, ili nipate kazi ya kuongoza wageni au hata ya hotelini. Jibu langu huwa hawalipendi. Anza na masikio, mdomo utafata.

Maana maneno tunayo asee, tena mengi. Sekondari tumesoma kila somo kwa Kiingereza ukitoa Kiswahili chenyewe, mtu anaweza kukumwagia usanisinuru wote kwa Kiingereza cha mtihani ila mgeni akimuuliza choo kiko wapi anatoa macho tu, kwa sababu miaka yote hiyo tulikuwa tunaandika, hamna aliyetupima tunasikiaje. Afu anayeshuka kwenye gari hapo siyo lazima awe Muingereza. Anakuja Mjerumani, Mtaliano, Mfaransa ambaye herufi h haimtoki kabisa, na wao wamejifunza darasani kama wewe na wao wanababaisha, sasa we umezoea kile cha redioni ukikutana na cha Mtaliano unajiona hujui kitu.

Kinachotuponza ni yes yes. Mtu hajaelewa ila anaona haya kuuliza, na adabu zetu za pwani mgeni humkatalii, basi anatikisa kichwa na kucheka. Rafiki yangu anafanya kazi hoteli moja Mtwara mjini alinisimulia ya kwao, mgeni anaagiza samaki, katikati ya maelezo akasema tena kwa sauti ndogo kwamba korosho zinamdhuru, karanga na jamii zake zote, akila koo linavimba. Mhudumu wa zamu akaitikia yes yes akapeleka oda jikoni. Na Mtwara unaijua, korosho ipo kwenye bakuli mezani, ipo kwenye mchuzi, wanainyunyizia mpaka isipotakiwa. Bahati yao yule dada mgeni aliona vipande juu ya samaki kabla hajatia mdomoni, akaisukuma sahani. Mhudumu mwenyewe siyo mjinga, form four alifaulu vizuri tu, angesema samahani dada sijakusikia vizuri, rudia taratibu, yasingefika huko.

Kwa hiyo sentensi za kwanza kabisa kukariri kwa Kiingereza ni hizo za kuuliza tena, na ya pili yake ni kurudia alichosema mgeni kwa maneno yako, kwa hiyo unataka hivi na hivi, si ndo? Hapo utaokoa mengi, hasa kwenye saa. Mgeni akisema saba asubuhi kwetu ni saa moja, we ukimwambia nahodha saa saba atakuja mchana kashapumzika na mgeni kashachoka kukaa gatini. Mi siku hizi naonyesha kwenye simu kabisa, namba zenyewe, tunakubaliana.

Maji nayo. Kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu, ni karibu tu, ila Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ndo balaa, maji yakitoka mnashuka mnatembea kwenye tope la mikoko, na mwezi mchanga au mpevu ndo bamvua hiyo, yanatoka mbali kweli. Haya inabidi uyaseme kabla hamjaondoka, viatu gani avae, tukichelewa boti itakaa mchangani hadi yajae tena. Sentensi fupi fupi. Ukijaribu kumuelezea mgeni bamvua kwa sentensi moja ndefu yenye tensi nne utazama wewe kabla ya boti.

Kwenye magofu yenyewe mi nilijifunza kwa kuongea peke yangu, nakwenda jioni hamna mtu, narekodi kwenye simu, nasikiliza nyumbani. Msikiti Mkuu, mawe ya matumbawe na chokaa, kuba za juu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa 1331. Husuni Kubwa, kasri la sultani, kule kwenye mwinuko, bwawa la pembe nane. Gereza, Wareno walijenga ngome 1505 ila hii unayoiona leo kwa sehemu kubwa ni ya Waomani. Na miaka kuwa nayo makini, karne ya 14 ni miaka ya 1300, wapo wageni wanakuja na kitabu mkononi wanakufatilia kama mwalimu wa nidhamu. Ukiwaambia UNESCO waliiweka Kilwa kwenye urithi wa dunia 1981, afu 2004 ikaingia orodha ya zilizo hatarini hadi 2014 ilipotolewa, swali linalofata lazima liwe kwa nini, basi uwe na maneno ya mawimbi, mizizi, mvua, ukuta kudondoka. Hayo shule hayakuwepo.

Tensi zisikunyime usingizi. Kuna mzee mmoja hapa anaongoza watu tangu mi nachunga mbuzi, kwake kila kitu kinatokea sasa hivi, Ibn Battuta anafika leo, sultani anaoga sasa, na wageni wanamsikiliza midomo wazi, bakshishi anazopata yeye sisi tunazisikia tu. Lakini muangalie vizuri yule mzee, mgeni akiongea ananyamaza, anainama kidogo, asipopata anauliza mpaka apate.

Kuanzia Machi mvua zikishika wageni wanakata, ndo muda wangu wa kukaa na BBC Learning English maana ni ya bure, bando tu lako. Nikitoka hapo natafuta mtu wa kupiga naye soga kwa ung'eng'e jioni pale Masoko, aliye tayari anicheki, ila asiwe wa kunisahihisha kila neno, tutagombana.