Vijiwe vya Mwaloni

Jana asubuhi nilimpeleka mama mkubwa Mwaloni, Kirumba, kuchukua dagaa. Muuzaji, mama mmoja wa makamo, hakuwa na daftari wala simu ya kupigia hesabu. Kila gunia likipita, anatupia kijiwe kwenye kopo. Mchukuzi akashikilia kwamba amebeba 18. Yule mama akamwaga vijiwe chini, akavipanga vitano vitano: 17. Ubishi ukaisha hapo hapo.

Nilibaki nimeduwaa, maana wiki nzima nimekuwa nikifuatilia maneno ya Kilatini. Warumi wa kale nao walihesabu kwa vijiwe. Kijiwe walikiita calculus, na Kiingereza kikapata calculate, kupiga hesabu. Ila linalonigusa zaidi ni reason, kutumia akili, kujenga hoja. Lilipitia Kifaransa cha kale likitoka kwenye ratio ya Kilatini, na ratio ni hesabu, hata ile ya mali na madeni, na papo hapo ni akili yenyewe! Chimbuko lake ni kitenzi reri: kukadiria, kudhani.

Na sisi je? Neno letu hesabu tumelitoa Kiarabuni, na huko mzizi huo huo wa herufi tatu unazaa kuhesabu na kudhani. Kilatini na Kiarabu si lugha za ukoo mmoja, lakini zote zimeona kufikiri ni kuhesabu. Nilisisimka kweli.

Nikamuuliza, "Mama, mbona huandiki?"

"Mwanangu, hapa karatasi inalowa," akasema, akavirudisha vijiwe koponi.